Unga, arosto na kichwa cha teja: maswali ninayoulizwa kila siku

Kaka yangu alikula unga miaka kumi na moja, sasa hivi yuko kwenye methadoni, dawa ya hospitali ya kutibu uraibu wa unga, kila asubuhi anaenda kunywa dozi yake anarudi. Tangu watu wajue hilo mtaani kwetu huku Temeke simu yangu haipoi, mara mama mmoja anapiga usiku wa manane mwanangu anatetemeka nifanyeje, mara dogo wa chuo anataka kujua kama skanka (bangi kali) inaharibu kichwa. Mimi si daktari. Ila nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki, nimewasumbua madaktari na manesi kwa maswali mpaka wakanizoea, na nimekaa na mateja wenyewe, yani waraibu wa unga (wanajiita hivo, si tusi langu). Maswali yanajirudia, kwa hiyo nayaweka hapa yote na majibu yake, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Hivi unga ni kitu gani hasa?

Heroini. Kuna ua linaitwa mpopi, tunda lake ukilikwaruza linatoa utomvu, utomvu ukikauka ndo afyuni. Kwa Kiswahili cha zamani afyuni inaitwa kasumba, na ndo hilohilo neno tunalotumia tukisema fulani ana kasumba ya kikoloni, yani kitu kimemkaa kichwani hakitoki. Wazee walijua wanachosema, lishike hilo neno maana tutarudi kwake.

Ndani ya afyuni kuna mofini, ile dawa ya maumivu makali wanayopewa hospitali watu wa kansa. Mofini ukiipitisha kwenye kemikali kidogo ndo unapata heroini. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliianza kuiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi, tena walisema haina tatizo la uraibu kama mofini. Kikohozi.

Huku pwani kwetu iliingia miaka ya 80, mzigo unatoka Afghanistan, unashuka mpaka pwani ya Pakistan na Iran, unapakiwa kwenye majahazi unavuka bahari. Mwanzo ilikuwa ya kahawia, ya kuvuta, watu wanaichoma kwenye foili au wanaichanganya na bangi kwenye kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 90 ikaja nyeupe ambayo inayeyuka kirahisi kwenye maji, na hapo ndo mabomba ya sindano yakaingia maskani, na nyuma ya mabomba ukafuata ukimwi na homa ya ini. Mabadiliko ya rangi ya unga tu, yakabadilisha ugonjwa wa mtaa mzima.

Ikiingia mwilini inafanyaje mpaka mtu anainama vile?

Ubongo una ulinzi wake, mishipa ya damu ya kichwani imebanwa sana kuliko ya sehemu zingine ili takataka za kwenye damu zisipite. Mofini inapita kwa taabu. Heroini inayeyuka kwenye mafuta kwa hiyo inapita chap, na ikishafika ndani ubongo wenyewe unaigeuza inakuwa mofini tena. Yani heroini ni mofini iliyovaa nguo za kupitia getini.

Ndani kuna vipokezi, vitu kama kufuli juu ya seli, na mofini ni ufunguo wake. Sasa swali ambalo lilinisumbua sana mimi, kwa nini kichwa cha binadamu kiwe na kufuli za utomvu wa ua la Afghanistan? Kufuli zenyewe zilithibitishwa maabara mwaka 1973, wanasayansi nao wakajiuliza hilohilo, na mwaka 1975 pale Aberdeen, Scotland, John Hughes na Hans Kosterlitz wakapata jibu kwenye ubongo wa nguruwe: mwili unatengeneza mofini yake wenyewe. Leo watu wengi wanaziita endofini. Ndo zinazokufanya ukigonga kidole kwenye kitanda maumivu yawe makali afu yapungue, ndo zinazofanya kazi mtoto akilala kifuani kwa mama yake. Unga haukuleta kitu kigeni, umeiba funguo za nyumba.

Tofauti ni kiasi. Mwili unatoa endofini tone kwa tone na pale tu inapohitajika. Mtu akijidunga anamwaga ndoo nzima kwa mara moja, na kwa sababu kufuli hizo zipo kila sehemu, maumivu yanazimwa, hofu inazimwa, utumbo unagoma (ndo maana wengi hawapati choo wiki nzima), mboni ya jicho inakuwa kama ncha ya sindano, na sehemu ya shina la ubongo inayokukumbusha kupumua nayo inasinzia. Pale unapomuona kijana kasimama kituoni kainama, kichwa kinakaribia kugusa magoti lakini haanguki, watu wanacheka wanapiga picha, ujue kinachomtenganisha na kifo ni pumzi chache kwa dakika.

Dopamini si ndo kemikali ya raha?

Kila mtu anasema hivo siku hizi, mpaka watu wa mazoezi, ila sio sahihi sana na kosa lenyewe linafanya watu wasiwaelewe ndugu zao.

Katikati ya ubongo chini kabisa kuna kijikundi cha seli kinachotengeneza dopamini na kuituma mbele. Pembeni yake kuna seli zingine ambazo kazi yao ni kuishikia breki hiyo dopamini. Heroini inazikamata zile za breki inazilaza, basi dopamini inashuka kama lori la mchanga mlima Kitonga. Kokeini yenyewe inafanya kwa njia tofauti, inaziba mlango ambao dopamini ilikuwa irudie ndani. Kila dawa ina njia yake ila nyingi zinakutana hapo.

Sasa dopamini inasemaje? Wolfram Schultz alikuwa Uswisi, anawapa nyani matone ya juisi huku anasikiliza seli zao za dopamini. Mwanzo seli zinaruka juisi ikidondoka mdomoni. Baada ya muda, kwa kuwa kila mara taa inawaka kabla ya juisi, seli zikaanza kuruka taa ikiwaka, na juisi yenyewe ikija zimetulia tu. Na taa ikiwaka juisi isije, seli zinanyamaza chini ya kawaida yake. Ukielewa hapo umeelewa uraibu nusu nzima. Dopamini inasema: hii ni muhimu kuliko ulivyotegemea, shika kilichotangulia, kitafute tena. Ni mwalimu. Chakula ukishakizoea mwalimu ananyamaza, ila dawa inambonyeza mwalimu moja kwa moja, kwa hiyo kila dozi anasema hii ni kubwa, hii ni kubwa, hata kama raha yenyewe ilishakufa zamani.

Mtafiti mwingine, Kent Berridge wa Michigan, anasema kupenda na kutaka ni njia mbili tofauti kichwani. Kaka yangu hajamsoma Berridge ila aliniambia hivohivo mwaka wa tano wake, tumekaa nje jioni: "Stimu sipati tena, siupendi hata, ila nautaka mpaka meno yanauma." Mimi nikamwambia unaongopa, kama huupendi acha. Ningejua.

Ukijaribu mara moja tu unakuwa teja?

Hapana, na ukimdanganya mtoto hivo atajaribu, kesho ataamka mzima, na hatakuamini tena neno lolote.

Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 90 ulikuta kwamba kati ya watu waliowahi kuonja heroini hata mara moja, kama 23 kwa mia waliishia kwenye uraibu. Kokeini kama 17, pombe 15, bangi 9. Na kinara ni sigara, 32 kwa mia, ile inayouzwa dukani kwa Mangi moja moja. Lakini angalia, wa sigara anakufa miaka thelathini baadaye, wa unga anaweza kufa leo jioni, kwa hiyo hizo namba si za kupanga ipi ni afadhali.

Shida ni kwamba hujijui wewe uko kwenye wale 23 au wale 77. Kama nusu ya hatari inatokana na damu ya ukoo, nusu iliyobaki ni maisha, umri ulioanza, kilichokukuta utotoni, na hata njia unayotumia maana inayofika kichwani kwa sekunde chache inafundisha vizuri kuliko inayofika polepole. Umri nasisitiza. Sehemu ya mbele ya ubongo, hii nyuma ya paji la uso, inayosema subiri kwanza, fikiria kesho, inamaliza kukomaa kwenye miaka 25 hivi. Ile ya kutaka inawahi sana. Dogo wa miaka 15 ana injini ya basi na breki ya baiskeli.

Mbona mwanzo kete moja ilimtosha, sasa hivi hata tano hazimtoshi?

Mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga, wiki ya kwanza halali, mwezi wa pili hasikii kitu. Ubongo ni hivohivo. Kufuli zikibonyezwa kutwa zinalegea, zingine seli inazivuta ndani, na seli yenyewe inaanza kukanyaga mafuta upande wa pili ili mambo yakae sawa. Ikifika hapo mtu hatumii unga kwa raha, anakula ili asiumwe. Wenyewe wanasema "natoa arosto", yani yale mateso ya kukosa unga, hawasemi naenda kustarehe.

Ila mazoea hayaji sawasawa mwili mzima, raha inazoeleka haraka, utumbo hauzoei karibu kabisa, na ile sehemu ya kupumua inazoea kwa kuchelewa. Na mazoea yanaondoka pia, hilo ndo linaua watu, nalifikia chini.

Arosto ni nini, na inaua?

Niliisema ile seli inayokanyaga mafuta upande wa pili. Sasa toa unga ghafla. Mguu bado uko kwenye mafuta, mzigo haupo. Kila kitu kinageuka kinyume: utumbo uliokuwa umegoma unafunguka anaharisha, mboni ndogo zinakuwa kubwa, aliyekuwa hahisi maumivu anaumwa mpaka nywele, aliyekuwa amesinzia halali siku nne. Kuna kidoa kidogo kwenye shina la ubongo kinachoamsha mwili wakati wa hatari, unga ulikuwa umekilaza, sasa kinaamka na hasira zote, ndo ile jasho, moyo kwenda mbio, kutetemeka, vipele vya baridi ngozi nzima kama kuku aliyenyonyolewa.

Inaanza kama masaa nane mpaka kumi na mbili baada ya dozi ya mwisho, miayo kwanza, afu makamasi na machozi kama mafua, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, baada ya wiki hivi mwili unatulia. Kwa mtu mwenye nguvu zake arosto ya unga mara nyingi haiui, inatesa tu, hatari kubwa ni kuishiwa maji kwa kutapika na kuharisha kwa hiyo ORS, uji, maji, mfululizo. Mjamzito usimkatishe ghafla nyumbani, mpeleke hospitali.

Ila nisikilize hapa maana watu wanachanganya. Arosto ya pombe INAUA. Mtu anayekunywa gongo kutwa miaka na miaka, au anayemeza Valium (vidonge vya usingizi) kila siku, ukimfungia ndani ghafla anaweza kupata degedege, akaona vitu visivyokuwepo, akafa siku ya tatu. Huyo ni wa hospitali, sio wa kufungiwa.

Tulimfungia ndani wiki tatu, akanenepa, akaswali, akaomba msamaha mpaka tukalia. Katoka Jumatatu, Jumatano kaonekana maskani. Kwani karogwa?

Hili ndo swali naulizwa kuliko yote, na mama yangu aliliuliza hivohivo, kwa hiyo vumilia nitaongea sana.

Mlichomtoa ni arosto. Arosto iko mwilini na inaisha kwa wiki. Kilichobaki ni kasumba, sasa natumia hilo neno kwa maana zote mbili. Kumbuka taa ya wale nyani. Kichwa cha mwanao kimefundishwa maelfu ya mara, mara tatu au nne kwa siku, miaka, na mwalimu mkali kuliko yeyote, kwamba kona ile, mshkaji yule, kipande cha limao, kibiriti, foili, hata noti ya elfu mbili iliyokunjwa mfukoni, vinatangulia kitu kikubwa. Kujifunza kwa namna hiyo hakufutiki kwa kukaa chumbani, kwa sababu chumbani hapakuwa na kona wala mshkaji. Taa haikuwaka. Katoka, kapita njia ileile, taa ikawaka, na dopamini ikaruka kabla yeye mwenyewe hajawaza neno. Kaka yangu anasema tumbo lilikuwa linaanza kunguruma akiiona tu rangi ya ukuta wa ile nyumba, anahisi arosto kabisa, miezi minane baada ya kuacha.

Na sio hilo tu. Ile breki ya mbele, nyuma ya paji, imechoka, picha za ubongo za watu walioacha karibuni zinaonyesha inafanya kazi chini ya kiwango. Na vitu vya kawaida havina ladha bado, pilau ni wali tu, mpira wa Simba na Yanga hauna maana. Kwa hiyo una mtu mwenye breki mbovu, hana furaha, hana kazi, mtaa mzima unamwita mwizi, halafu njia ya kwenda dukani inapita maskani. Mimi nashangaa wale ambao hawarudi.

Kuna mfano mmoja nawapa wote wanaosema hawa hawaachi kamwe. Wanajeshi wa Marekani kule Vietnam walikuta heroini nyingi na rahisi, utafiti wa Lee Robins ulikuta kama mmoja kati ya watano alikuwa mraibu kulekule vitani. Mwaka 1971 serikali yao ikaanza kuwapima mkojo kabla ya kupanda ndege. Wote wakategemea balaa nyumbani. Lakini kati ya wale waliokuwa waraibu, waliorudia uraibu mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa kama watano kwa mia. Kwa nini? Sio kwamba walikuwa na imani kali kuliko mwanao. Walipanda ndege wakaziacha taa zote Vietnam, nyumbani kulikuwa na mke, gari, kazi, hakuna kona hata moja iliyowahi kuwauzia. Sisi tunafanya kinyume, tunamtoa sumu mtu afu tunamrudisha Vietnam yake.

Kwa hiyo kama mna ndugu mkoani anayeaminika, mtoto akishatulia aende huko akalime, hiyo sio kumtupa. Soba (nyumba za kuwatunza wanaoacha unga) nyingi zinasaidia kwa sababu hiyohiyo, zinamweka mbali na taa na zinampa ratiba. Zingine ni biashara za kufunga watu minyororo, chunguza kabla ya kulipa.

Kwa nini wengi wanakufa wakishatoka jela au soba?

Mazoea yameondoka, kumbukumbu haijaondoka. Anakumbuka dozi yake ya zamani, anajidunga ileile, lakini mwili sasa ni wa mgeni. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ni hatari kuliko wakati wowote.

Na kuna kitu cha ajabu zaidi, sehemu yenyewe ina uzito. Shepard Siegel kule Kanada mwaka 1982 aliwazoesha panya heroini kwenye chumba kimoja, afu akawapa dozi kubwa, wengine chumba kilekile wengine chumba kigeni. Chumba kilekile walikufa kama theluthi moja, chumba kigeni karibu theluthi mbili. Dozi ileile! Mwili ukiona mazingira uliyoyazoea unajiandaa mapema, kwenye choo cha gesti usichokijua haujiandai. Ongeza hapo pombe au Valium juu yake, vyote vinalaza pumzi, ndo utasikia fulani kakutwa asubuhi.

Ukimkuta hapumui vizuri, anakoroma kama anagugumia maji, midomo na kucha zimekuwa za kijivu, ukimfinya haamki: usimpe maziwa, usimmwagie maji, usimchape akatembee. Ita msaada, mfinye tena kifuani umuite jina, kama hapumui mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano, akipumua mwenyewe mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni, inaing'oa heroini kwenye kufuli ndani ya dakika chache, mtu anaamka anatukana. Lakini inaisha nguvu mapema kuliko unga wenyewe unavyoisha, kwa hiyo asikimbie, anaweza kuzimika tena. Na wale washkaji wanaomkimbia mwenzao kwa kuogopa polisi, nawaelewa, ila basi mwacheni mlangoni mpige kelele.

Methadoni si ni unga wa serikali tu?

Baba yangu mdogo anasema hivo kila sikukuu. Ni kweli inafungua kufuli zilezile. Tofauti iko kwenye mwendo. Unga unapanda kwa sekunde, unashuka kwa masaa, unapanda, unashuka, mara nne kwa siku, na kila kupanda ni somo jipya kwa yule mwalimu. Methadoni inanyweka, inapanda taratibu, inakaa zaidi ya masaa 24, hakuna stimu wala arosto, hakuna taa inayowaka. Anakunywa kikombe mbele ya nesi, anaenda kazini. Na akijaribu kuongeza unga juu yake mara nyingi hausikii vizuri kwa sababu kufuli zimeshakaliwa. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia hivi New York miaka ya 60, sio jaribio la jana.

Kwetu ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012, Temeke, baadaye mikoani. Zanzibar walifungua Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya walianza Mathari mwisho wa 2014, afu pwani kwao Malindi na Mombasa. Kukaa miaka kwenye dozi ni kawaida, wa kisukari tunamuuliza insulini utaacha lini? Malalamiko yangu ni mengine: kwenda kila siku, nauli, foleni, na mwajiri asiyeelewa kwa nini unafika saa tatu. Na hapo nje ya geti wauza unga wanajua kabisa wateja wa zamani wanapita saa ngapi.

Na bangi, mirungi, sigara?

Haraka haraka. Bangi ina kufuli zake, ubongo una kitu chake kama bangi kiligunduliwa 1992 kikaitwa anandamaidi, kutoka neno la Kisanskriti la furaha, kufuli hizo zimejaa sehemu ya kumbukumbu ndo maana mvutaji anaanza sentensi haimalizi. Haizimi pumzi kama unga, ila kwa dogo wa shule inaharibu umakini, na kwenye ukoo wenye historia ya kuchanganyikiwa inaweza kuamsha ugonjwa. Mirungi ina kathinoni, ni ndugu wa mbali wa amfetamini, na inaharibika ndani ya siku mbili hivi majani yakinyauka, ndo maana zile gari za miraa kutoka Meru zinakimbia kama zinafukuzwa na mzigo unafungwa kwenye majani ya mgomba. Kenya ni biashara halali, ukivuka Namanga ni kesi. Sigara nimeshasema, kinara.

Ni kweli kuna wanaochangia damu?

Iliripotiwa Dar mwaka 2005, aliyejidunga anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzie asiyekuwa na hela ajidunge ili atoe arosto. Dawa iliyomo kwenye damu hiyo ni kidogo mno haitoi kitu, anachopata cha uhakika ni virusi.

Ubongo unarudi kawaida?

Kiasi kikubwa, taratibu. Usingizi unaweza kusumbua miezi. Ladha ya maisha inarudi ndani ya mwaka hivi, kaka yangu aliniambia siku moja "chai imekuwa tamu" nikadhani anasifia sukari. Zile taa hazizimiki kabisa, zinafifia, na akiteleza mara moja zinawaka haraka kuliko mwanzo. Kuteleza sio kuanza sifuri, mwambie arudi kliniki kesho yake.

Mwisho, akiniomba hela nimpe?

Mkononi, hapana, ile noti yenyewe ni taa nimeshasema. Chakula mpe. Kiatu mpe, japo atauza. Hela ya kliniki usimpe yeye, panda naye daladala, mlipie konda nauli zenu mbili, ukae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.